Njia Aliyoiacha Wazi

"Ni wewe mwenyewe, mama. Wewe ndiye uliyetupigia."

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Cherehani juma lililopita, amesimama kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea, tepu shingoni, chaki mkononi. Mbele yake kijana aliyevaa miwani, na kitambulisho cha kampuni ya simu kinaning'inia kifuani. Mama alikuwa amemuuliza nani kamtuma. Jibu likamkata maini.

Nyuma ya mama alikuwa binti yake, yule tunayemwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Leo yakatoka yote kwa pamoja.

"Mama! Umepiga simu kampuni? Kampuni yenyewe?"

"Nilipiga huduma kwa wateja."

"Ukawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba VPN yangu imegoma tangu asubuhi, naomba wanifungulie."

Chiriku akajishika kichwa.

"Mama, hiyo VPN tunaitumia ili wao wasijue! Ni kama mtu ameruka ukuta, halafu anarudi getini kumlalamikia mlinzi kwamba ukuta una chupa!"

"Sasa mimi ningejuaje? Kitu kikiharibika si unampigia mwenye kitu?"

Kijana wa kampuni akakohoa kidogo. Ilikuwa kama anazuia kicheko, lakini macho yake nyuma ya vioo hayakuwa yanacheka.

Msomaji uliyeingia leo, kaa, nikueleze upesi, usije ukapotea.

Mama Cherehani ana watoto wawili. Wa kwanza ni Mrefu, ambaye alipelekwa nje ya nchi kufanya kazi jikoni, kwenye hoteli kubwa. Aliyempeleka ni mtu mmoja wanayemwita Wakala. Mrefu huko hana laini ya simu. Anachokipata ni waifai ya jikoni, akiiba dakika wakati wa mapumziko ya mchana, na sauti yake inakuja kwa ile programu ya kupigiana ambayo huku kwetu imefungwa kwa amri. Ndiyo maana nyumba nzima inaishi kwa VPN, ile njia ya kuzunguka kufuli la mtandao. Bila VPN, hakuna Mrefu.

Chiriku naye alikuwa amefunga nusu ya begi. Wiki ijayo Wakala angempeleka huko huko, kazi ya saluni, na picha ya hosteli atakamolala aliibandika kwenye kioo. Nyumba nyeupe, geti la bluu, maua mlangoni.

Lakini siku chache nyuma Mrefu alituma sauti fupi, kwa mnong'ono: "Chiriku asipande ndege kabla sijawaambia kitu. Nisubirini Ijumaa mchana."

Ijumaa ndiyo leo. Na VPN imekufa.

Sasa unaelewa kwa nini mama wa watu alichukua simu akapiga mpaka huduma kwa wateja. Mimi ningepiga pia. Hata wewe.

"Umekuja kunikamata?" akauliza Mama Cherehani. "Kama ni kunikamata, nisubiri nimalize koti la mtu. Nimeshampa ahadi."

"Sijaja kukamata mtu, mama. Kampuni haijui kama niko hapa."

"Basi nyumba umeijuaje?"

"Ulimweleza dada aliyepokea simu. Nyuma ya kinu cha kusaga, mlango wa kijani, ukiona nguo zimeanikwa dirishani umefika." Akashusha sauti. "Ulimweleza mpaka mbwa wa jirani kwamba hang'ati."

"Mama!" Chiriku akapiga paja.

"Nilidhani watatuma fundi!"

"Simu zenye malalamiko ya mtandao hurushwa mezani kwangu," akasema Miwani. Tumwite hivyo, maana jina hakulitaja. "Nilikusikiliza ukilia. Nikaangalia laini yako. Mama, naomba nikae."

Akavutiwa kigoda. Akakaa kati ya cherehani na pazia la kujaribia nguo, magoti yamemfika kidevuni.

Mama Cherehani hakukaa. "Niambie kwanza kitu kimoja. Nyinyi watu wa simu, mnaweza kuifunga VPN au hamwezi? Maana hapa mtaani kila mtu ana lake. Muuza mkaa anasema haifungiki. Shemeji yangu anasema mmeshazifunga zote, na mnasoma mpaka tunachoandikiana."

"Tunaweza, mama."

"Nilijua!"

"Ngoja. Tunaweza, lakini hatumalizi. VPN ina mlango mahali fulani duniani, ambako bando lako linakwenda kwanza kabla ya kufika unakotaka. Tukiujua mlango huo, tunaandika anwani yake, tunauzuia. Nyingine hatujui mlango wake, ila tunaijua kwa mwendo wake, kama unavyomjua mtu kwa mbali kwa anavyotembea. Hizo nazo tunazuia. Kesho inazuka nyingine. Ni kama kufukuza nzi kwenye bucha."

"Na tunayoandikiana?"

"Hayo hatuyaoni. Tunaona bahasha inapita. Barua ya ndani hatuioni."

"Sasa si mfunge zote mpumzike," akasema Chiriku kwa kejeli.

"Hatuwezi. Benki zinatumia VPN. Hospitali zinatumia. Hata sisi kampuni tunatumia, mafundi wetu wakiwa mbali. Tukifunga zote tunajifungia nje wenyewe."

Mama Cherehani akashusha pumzi. "Haya. Basi nifungulie yangu, mwanangu mwenye miwani. Mchana ndio huu."

Kijana akamtazama. Akalisema lile neno ambalo ndilo limenifanya nikae chini niandike hadithi hii.

"Mama, yako hatujaifunga sisi."

Nje kinu kilikuwa kinanguruma.

"Unasemaje?"

"Laini yako ni nzima. Inatoka hapa, inafika kwenye seva ya VPN yako salama salimini. Ikifika kule, seva yenyewe ndiyo inaikataa. Inasema huyu simtambui. Mwenye VPN ndiye aliyekutoa. Leo asubuhi."

"Mwenye VPN?" Mama Cherehani akacheka kwa hofu. "VPN ina mwenyewe?"

"Kila VPN ina mwenyewe, mama. Unadhani inaota? Yako ni ndogo, si hizi za kila mtu. Nani alikuwekea?"

Mama na binti wakatazamana.

Wakala.

Alikaa palepale, kwenye kigoda kilekile, wiki ile Mrefu aliposafiri. Akachukua simu ya mama kwa heshima zote. "Hizo nyingine zitafungwa, mama yangu. Tumia hii, niliwatengenezea wazazi wangu wote. Bure kabisa." Na kweli, nyingine zikafungwa moja baada ya moja, ya Wakala ikabaki. Mama Cherehani akamsifu kwa kila mteja. Mwanamke akija kupima gauni, akisema mwanawe yuko nje, anatumiwa VPN hiyo kutoka simu hadi simu kabla hata tepu haijamzunguka kiuno. Wamama wengi wa mtaa ule waliipata kwa mkono wake.

Mama mwenzangu unayesoma huku simu umeipakata, jiulize hapo ulipo. Yako nani kakuwekea?

"Mwenye njia anaona nini?" Chiriku akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anaona zaidi yetu. Sisi tunaona umeingia kwenye VPN. Yeye anaona ukitoka kule umekwenda wapi. Ukurasa gani, saa ngapi."

Chiriku akakaa kwenye rundo la vitambaa.

"Juzi niliingia kwenye ukurasa wa ofisi ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi walioko nje. Nilitaka kuona kama hoteli ya Mrefu ipo kwenye zile walizozikagua. Kesho yake Wakala akaniona kituo cha basi, akacheka. Akasema, 'Chiriku, naona siku hizi unasoma mambo ya serikali.' Nikadhani ananitania."

Mama Cherehani akaweka chaki mezani taratibu, kama inaweza kulipuka.

"Ijumaa mchana," akasema. "Mwanangu kasema Ijumaa mchana. Na Ijumaa asubuhi huyu mtu kanifungia mlango."

"Ndiyo maana nimekuja," akasema Miwani. Akatoa simu yake. "Nitakupitisha kwenye njia ya kampuni, ile ya mafundi. Nawasha mtandao wa simu yangu, nakugawia. Nikigundulika sina kazi. Lakini lazima nikae karibu, nikitoka nje tu unakatika."

Chiriku akaleta simu ya mama yake. Vidole vikafanya kazi. Wakasubiri kile kiduara kinachozunguka na kuzunguka mpaka unataka kukipiga kibao.

Kikasimama. Imeshika.

"Mrefu hajatuma kitu," Chiriku akasema. "Bado."

"Atatuma," mama akasema. "Mwanangu hajawahi kuvunja ahadi, hata ya kuchota maji."

Chiriku akamgeukia yule kijana. Alikuwa na swali, na Chiriku swali halimkai kooni.

"Kaka, samahani. Umesema nyingine zote mmezifunga. Hii ya Wakala mnaijua, umeiona leo kwenye laini ya mama, na wamama wengine wote wanapita hapo hapo. Kwa nini hamkuifunga?"

Miwani akavua miwani yake. Akaifuta kwa ncha ya shati. Akaifuta tena, kioo kilekile.

Mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe! Mama Cherehani, koti langu!"

Sauti hiyo ingekuwa ya mtu mwingine yeyote, ningekuwa sina hadithi. Ilikuwa ya Wakala.

Mama Cherehani hakufikiri. Alimshika yule kijana wa kampuni bega, akamsukuma nyuma ya pazia la kujaribia nguo, karibu na mlango. "Usipumue!" Chiriku akatupa kitambaa cha bitana juu ya simu, akakaa nayo mapajani kama anachambua nyuzi.

"Karibu, baba! Pita!"

Wakala akaingia na manukato yake. Mtu wa tabasamu, shati limenyooka, viatu vimefutwa mpaka vinakuona.

"Mama yangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Chiriku wangu, mbona umekaa? Begi liko wapi?"

"Begi la nini? Si wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ni ya wenye bahati ndogo. Wewe nafasi yako imetokea leo. Gari linapita kukuchukua sasa hivi, jioni uko uwanja wa ndege. Mbona hufurahi? Hata asante?"

Chiriku akafungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Hatoki mtu hapa mpaka nisikie sauti ya mwanangu."

"Mama." Wakala akaweka mkono kifuani. "Hata mimi inaniuma. Hawa watu wa simu leo wamefunga VPN zote. Zote! Mpaka yangu. Tangu asubuhi wazazi wananipigia wanalia. Sasa wewe utamsubiri mpaka lini? Mpaka serikali ifungue? Nafasi hiyo itakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine, na wewe utabaki na mtandao wako uliofungwa."

Aliisema vizuri. Ungekuwepo ungemwamini. Mama Cherehani naye, kama asingejua alichokwisha kukijua, angekwenda mwenyewe kufunga zipu ya begi.

Badala yake akachukua pini, akaziweka mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni halazimiki kujibu.

Akamwonyesha koti kwa mkono. Vaa.

"Sasa hivi? Gari linakuja, mama."

Akatoa pini. "Si ndiyo maana tufanye upesi! Unataka kuwapeleka watoto wa watu uwanja wa ndege na koti ambalo mikono haijashonwa? Vua hilo shati, koti likae sawasawa. Chiriku, piga komeo. Asije mteja akamkuta baba wa watu na fulana."

Chiriku akapiga komeo, akarudi kwenye rundo lake. Wakala akacheka, akavua, akavaa koti lililoungwa kwa nyuzi za bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikizia kabla ya kushona.

"Simama wima. Mikono chini, iegemeze mapajani. Ukipinda, koti linapinda."

Mama Cherehani akaanza kazi. Wateja wake wanajua ana mkono mwepesi. Leo ulikuwa mzito. Alizunguka, akapima bega, akapima tena. Akachukua sindano na uzi mnene, ule wa kushonea magunia.

"Unanibana, mama."

"Ndivyo vijana wanavyovaa siku hizi."

"Sasa mbona unashona? Si unachoma pini tu?"

"Pini zitakuchoma ukicheka. Na wewe unapenda kucheka."

Wakala akacheka. "Mama Cherehani una maneno! Huyu Chiriku kumbe kakurithi." Akamtazama binti kupitia kioo kikubwa. "Umenyamaza sana leo, mwanamke. Unaogopa ndege?"

"Naogopa mbali."

"Mbali gani? Utakuwa na kaka yako. Geti la bluu unalikumbuka? Si ndiyo hiyo picha umeibandika? Wasichana wenzako wanakungoja."

Mama alikuwa amepiga goti, anashona pindo upande wa kushoto. Akahamia kulia. Uzi unaingia, unatoka. Dirishani jua lilikuwa limeshapita kichwani, na mchana wa Mrefu ulikuwa unaelekea kwisha.

Chini ya kitambaa cha bitana, simu ikalia.

Si mlio wa kawaida. Ni ule mlio wa matone mawili ya maji, ambao ile programu ya kupigiana pekee ndiyo inao. Kila mtu mwenye mtoto nje anaujua. Wakala anaujua kuliko wote.

Tabasamu lake likabaki mahali pake. Macho yakahama.

"Chiriku," akasema polepole. "Huo ujumbe umepitia wapi?"

Chiriku alitaka kuzima sauti. Wallahi alitaka. Lakini kidole kikateleza, kikagusa pasipoguswa, na chumba kizima kikajaa sauti ya kaka yake.

"Mama. Ni mimi. Sina muda, wananitafuta. Chiriku asije. Umesikia? Asije! Huku hakuna saluni. Kuna nyumba nyeupe nyuma ya hoteli, ina geti la bluu, wasichana wakiingia hawatoki. Mimi ndiye ninayewapelekea chakula mlangoni. Jana nimeona wametandika kitanda kipya, na karatasi mlangoni ina jina la mdogo wangu..."

Chiriku akageuka kutazama kioo. Nyumba nyeupe. Geti la bluu. Maua mlangoni. Na sasa, kwa mara ya kwanza, akaona kile ambacho picha ilikuwa inamwonyesha siku zote: kufuli la geti lilikuwa upande wa nje.

Sauti ikaendelea, inahema.

"Pasi zetu za kusafiria anazo Wakala. Na msitumie VPN yake, anawachungulia. Ndugu yake anayetulinda huku anajisifu kwamba haitafungwa kamwe, kwa sababu kwenye kampuni ya simu kuna kijana wao. Yeye ndiye anayeiacha njia wazi. Mama, yule kijana..."

Ikakatika hapo.

Halafu pazia la kujaribia nguo likasogea, lenyewe, taratibu, na Miwani akatoka.

Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Ni mimi, mama," akasema.

Mama Cherehani akainuka kutoka sakafuni. Sindano bado iko mkononi. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayeingiza anwani za kufunga. Ya kwake ililetwa mezani, nikaitoa. Ikaletwa tena, nikaitoa. Aliniambia ni ya akina mama tu, wanaongea na watoto wao, nisiwe na roho mbaya. Mama yangu mzazi anaitumia hiyo hiyo. Nikaona ni thawabu. Leo nilipokusikia unalia, nikaangalia nani amekutoa..."

"Kumbe tuko wote!" Wakala akaangua kicheko. "Mdogo wangu! Unajificha kwenye pazia kama bibi harusi? Chiriku, lete hiyo simu."

Akanyoosha mkono.

Mkono haukunyooka.

Akauvuta. Koti lote likaja nao. Akavuta wa pili, nao umegoma. Akatazama chini, na ndipo alipoona: mkono wa kulia umeshonwa kwenye pindo la kulia, wa kushoto kwenye pindo la kushoto, kwa uzi wa gunia, mishono ya karibu karibu, kazi safi.

"Nilikwambia simama wima," akasema Mama Cherehani.

Wakala akahangaika, akazunguka, akagonga meza. Mkasi ukaanguka, Chiriku akauwahi, akaukumbatia pamoja na simu. Ungekuwa wakati mwingine tungecheka mpaka machozi, mtu mzima anapigana na koti.

Lakini yeye ndiye aliyecheka. Aliacha kuhangaika, akasimama katikati ya chumba, mikono imebanwa, nywele zimemsimama, na akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayewahurumia.

"Mama yangu," akasema, "wewe kweli ulidhani nimekuja kwa ajili ya koti?"

Honi ikalia nje ya mlango wa kijani. Ndefu. Kisha milango ya gari, zaidi ya mmoja, ikafunguliwa na kupigwa. Viatu vizito vikasaga kokoto za kinu.

Mtu akagonga. Hakupiga hodi.

Komeo lilikuwa moja tu, chuma chembamba, na aliyekuwa karibu nalo hakuwa mama wala binti. Alikuwa Miwani, palepale alipotokea kwenye pazia.

"Mdogo wangu," Wakala akamwambia, sauti laini. "Umeniachia njia siku zote hizi. Niachie na leo. Fungua. Ukikataa, kesho kampuni yako itajua nani alikuwa ananifungulia."

"Mwanangu," akasema Mama Cherehani. Hakupiga kelele. Sindano ilikuwa imemdondoka. "Nina mtoto mmoja nyuma ya geti la bluu. Usinipelekee wa pili."

Mlango ukapigwa teke. Vumbi la mbao likamwagika.

Kijana wa kampuni ya simu alitazama simu yake, bado inamgawia Chiriku mtandao. Akamtazama Wakala. Akamtazama mama.

Kisha akageukia mlango, na mkono wake ukashika komeo.